Risiti ya Saa Saba Usiku

Django 5.0, toleo la mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, ilitoka tarehe 4 Desemba 2023. Wakati huo tulikuwa na maktaba ndogo ya msimbo ya kujumlisha risiti za siku, na watumiaji wake walikuwa wametapakaa: wengine Django 3.2, wengine 4.1, wengine 4.2. Katika ofisi yetu ya Ngong Road tukaandaa vyumba vinne vya tox (chombo kinachoendesha majaribio katika mazingira yaliyotengwa), kimoja kwa kila toleo la Django, vyote vya Python 3.10, kwa kuwa ndiyo iliyokubalika na matoleo yote manne. Python 3.9 haiichukui 5.0.

Vyumba vyote vikapita mara moja. Bahati ya namna hiyo ni ya kutiliwa shaka. Kupiga pip freeze, amri inayoorodhesha vilivyosakinishwa, ndani ya chumba cha 4.1, kumbe kilichosakinishwa ni 4.2! Tulikuwa tumeandika Django~=4.1, na hiyo huruhusu chochote chini ya 5. Ilitakiwa ~=4.1.0, isiyotoka nje ya 4.1.

Tukarekebisha, tukaendesha tena saa saba na nusu usiku. Chumba cha 5.0 kikaanguka.

"Mbona leo imekuwa jana?" mwenzangu akauliza, macho kwenye tarehe mbili zilizopishana kwa siku moja.

Faili letu la mipangilio lilitaja Africa/Nairobi lakini halikutaja USE_TZ, swichi ya kutumia saa zenye kanda. Hadi 4.2, ukiiacha huwa False, kuanzia 5.0 ni True, na hapo timezone.now, inayotoa saa ya sasa, hurudisha saa ya UTC, yaani saa rejea ya dunia, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Kwa hiyo saa saba na nusu usiku wetu ni saa nne na nusu usiku wa jana yake. Mchana kosa halionekani kabisa. Toleo la 4.2 lilikuwa likionya, ila onyo hujificha usipoendesha Python kwa -Wa, inayoonyesha maonyo yote.

Dawa ya haraka, timezone.localdate, inayotoa tarehe ya kanda yetu, ikaponya 5.0 na kuua vyumba vingine vitatu: USE_TZ ikiwa False, hutupa kosa la ValueError. Tuliyobaki nayo ni kuuliza kwanza is_aware, yaani kama saa hiyo ina kanda. Ikiwa ndiyo, ipitishe localtime igeuzwe kuwa saa ya Nairobi, kisha chukua tarehe.

Tulipomaliza ilikuwa saa kumi alfajiri, na hata msimbo wa zamani ulikuwa ukipita, maana UTC nayo ilishaingia siku mpya. Ikabidi saa ya jaribio ifungwe kwenye 01:30 ya Nairobi, na kila chumba kiendeshwe mara mbili, USE_TZ ikiwa True na ikiwa False.