Peasi ya Mama Alfonsi

Nkambo wangu, yaani babu, alipika maisha yake yote, lakini nyumbani kwake hakuwahi kushika mwiko. Sisi wajukuu hatukuliona hilo kuwa ajabu. Mwezi wa Mei 2008, wiki ambayo yeye na mkewe walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, aliniita chini ya mwembe wa lupango letu, yaani ua wetu, mtaani Katuba, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia pombe:

"Weye bibi yangu, mapuwari inafika mujini?"

Mapuwari, yaani peasi. Kwetu Lubumbashi, Kongo, miti inatupa maembe na mapera, na msituni kuna masuku. Peasi halimo. Linatoka Afrika Kusini kwenye malori, linavuka Zambia, linalala foleni mpakani Kasumbalesa, na likifika linauzwa moja moja kama yai. Nilimjibu kwamba nimeziona. Akaniambia nitafute kumi na mbili, na nisimwambie Mama Alfonsi.

Mama Alfonsi ndiye mkewe. Alfonsi ni baba yangu, mtoto wao wa kwanza, na nyumba nzima ilimwita bibi huyo kwa jina la mwanawe, hata sisi wajukuu.

Nkambo alianza kazi mwaka 1953, akiwa na miaka kumi na saba, mji ukiitwa bado Élisabethville. Alianza kwa kuosha vyombo nyumbani kwa injinia mmoja Mbelgiji, akapandishwa kumenya viazi, halafu akapewa jiko lenyewe. Uhuru ulikuja 1960, mkoa wetu wa Katanga ukajitenga, ukarudishwa 1963, mwaka 1966 mji ukapata jina la Lubumbashi. Mabwana walihama na kuhamia, yeye akabaki palepale mbele ya moto, na miaka ya mwisho alipikia nyumba ya wageni ya kampuni, hadi macho yalipopungua nguvu. Kila jioni alirudi Katuba kwa baiskeli, akanawa, akaketi, akangoja bukari yake, yaani ugali, kama baba mwingine yeyote wa mtaa. Mwanamume kupika kwa mshahara ilikuwa kazi ya heshima. Kupika kwake mwenyewe ingekuwa kumwaibisha mke, na nadhani Mama Alfonsi angekuwa wa kwanza kumfukuza jikoni.

Kwa hiyo vyakula vya Nkambo tulivijua kwa majina tu. Aliyataja kama mtu anayetaja watakatifu. Jina alilolipenda kuliko yote lilikuwa "poire belle Hélène": peasi lililopikwa katika maji ya sukari na vanila, likawekwa juu ya aisikrimu, likamwagiwa chokoleti ya moto. Kwa miaka mingi aliamini kwamba huyo Hélène alikuwa mke wa bosi fulani wa zamani. Mimi ndiye niliyemwambia, mwaka wangu wa kwanza wa chuo, kwamba jina limetoka kwenye opereta ya Offenbach iliyochezwa Paris mwaka 1864, na Hélène mwenyewe ni yule malkia wa Sparta, huko Ugiriki, aliyemwacha mume akaenda Troya na mwanamume mwingine, vita ikazuka. Nkambo alifikiri kidogo, akasema: "Basi alikuwa bibi ya bosi kweli."

Aisikrimu hatukuiwaza. Friji yetu ilikuwa imegeuka kabati la sahani, umeme ukija usiku wa manane na kuondoka alfajiri. Alichotaka kupika ni peasi za divai nyekundu, ambazo hazihitaji baridi wala jiko la umeme. Zinahitaji divai tu. Na Mama Alfonsi alikuwa Mmethodisti wa zamani, kiongozi katika kundi la wamama wa kanisa, mtu ambaye hajawahi kuruhusu chupa ya bia ya Simba ipite mlangoni kwake.

"Pombe yote inaendaka na moshi," Nkambo aliniapia. Nilikuja kujifunza baadaye kwamba si kweli. Ukipika nusu saa, sehemu ya pombe hubaki chunguni. Lakini siku ile nilimwamini, au nilijifanya kumwamini, nikaenda kununua chupa mbili, nikazifunga ndani ya kikwembe kama mtoto mchanga.

Peasi za kwanza alizikataa. Nilikuwa nimechagua zilizoiva vizuri, za manjano, zinazonukia hadi mlangoni. Alizigusa moja moja kwa kidole gumba, pale shingoni karibu na kikonyo, akazisukuma pembeni. Peasi, alinieleza, huiva kuanzia ndani kuja nje. Ukiona tumbo lake limelainika, moyo umeshakuwa uji. Shingo ndiyo inayosema ukweli. Na peasi laini ukilitia katika maji ya moto unapata supu. Watoto wa lupango wakala zile saba kwa dakika tatu, nami nikarudi soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kutafuta nyingine, ngumu, za kijani, ambazo muuzaji alikuwa ameziweka nyuma kwa aibu. Zilikuwepo kumi na mbili. Akanipunguzia bei, akidhani sijui kununua matunda.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu, na bado linaniuma. Ijumaa jioni Nkambo alikwenda kwenye kikao cha kanisa. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha. Nikamenya peasi tatu, nikachukua ile sufuria yetu kubwa ya aluminiamu, zile nzito zinazosubiwa mitaani kwa vyuma chakavu, nikamimina nusu chupa ya divai na sukari, nikaweka kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Baada ya nusu saa nilifunua. Badala ya wekundu, niliona rangi ya maji yanayotiririka kwenye bati kuukuu. Nilionja. Ilikuwa kama kunyonya kijiko.

Nkambo aliporudi aliangalia sufuria, hakuangalia peasi. Akavuta kiti.

"Divai iko na ukali," alisema. "Inakula ile nyungu."

Akanisimulia kwamba mwaka wake wa pili jikoni alifanya vivyo hivyo, siku ya wageni kumi. Bibi wa nyumba alimkata mshahara wa wiki mbili, akamlazimisha ale zile peasi zote amesimama, mbele ya wageni. Alizungumza bila hasira, kama anavyosema mtu habari ya mvua. Halafu akainuka, akaingia chumbani kwake, akatoka na nyungu ya emaye, yaani enameli, nyeupe yenye ukingo wa buluu, ambayo mimi nilikuwa sijaiona tangu nizaliwe. Ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kwa gazeti. Aliipata siku bosi mmoja alipofunga virago. Miaka thelathini na zaidi chini ya kitanda, na bukari yote hiyo ikipikwa kwenye aluminiamu. Sikumuuliza kwa nini. Emaye haijali ukali wa divai, na kwake, nadhani, ilikuwa pia nyungu ya kule, siyo ya huku.

Jumamosi Mama Alfonsi alikwenda kusukwa nywele, kazi ya saa nne nzima. Tukaanza.

Nkambo aliketi na sweta lake, maana Mei baridi yetu inaanza kuingia, na mimi nikawa mikono yake. Kumenya peasi si kama kumenya kiazi. Unaanzia juu unashuka kwa mkato mmoja mrefu, ili tunda lisibaki na pembe. "Usitoe mukia!" alinikemea nilipotaka kukata kikonyo. Kikonyo hubaki, chini unakata kipande chembamba ili tunda lisimame lenyewe. Kila lililomenywa nilitumbukiza katika maji ya ndimu, kwa kuwa peasi likikutana na hewa linageuka kahawia kama kiazi, na ukali wa ndimu unalizuia. Mbegu nilizichokoa kwa chini, kwa ncha ya kijiko cha chai, nikapasua peasi moja. Hilo akalila mwenyewe, bichi, akikunja uso.

Tukapima. Chupa moja ya divai na ile nusu iliyosalia, maji kikombe, sukari gramu mia tatu hivi, kijiti cha mdalasini, karafuu tatu. Akasema tatu, nikatia nne, akanusa kutoka pale kwenye kiti akaniambia nitoe moja. Ganda la chungwa, ile ngozi ya juu tu, kwa sababu nyeupe yake ni chungu. Tukachemsha hiyo kwanza mpaka sukari ikayeyuka, ndipo peasi zikaingia.

Na hapa ndipo nilipoelewa kwamba mzee huyu alikuwa fundi. Mimi nilijua moto wa aina mbili, unaowaka na uliozimika. Yeye alitaka wa tatu. Alinifanya nitoe makaa nusu, kisha niyafunike yaliyobaki kwa majivu, kidogo kidogo, huku yeye ametega sikio.

"Maji inapashwa icheke," alisema. "Isipige makofi."

Nikasikiliza. Kweli, kuna sauti ndogo, ya mapovu machache yanayopanda pembeni mwa nyungu, na kuna ile nyingine ya kubwabwaja. Ikibwabwaja, peasi zinagongana na kupasuka nje kabla ndani hakujaiva. Ikicheka, zinaiva zote kwa pamoja na umbo lao linabaki.

Halafu akaomba karatasi. Nilimletea ukurasa mweupe wa daftari langu la takwimu. Akaukunja mara mbili, mara nne, ukawa kama kipepeo kilichofumbwa, akaupima kutoka katikati ya nyungu hadi ukingoni, akakata, akakata na ncha. Ulipofunuliwa ulikuwa duara lenye tundu katikati, unaingia ndani ya nyungu kwa kipimo kamili. Tukaulaza juu ya peasi. Karatasi inazizamisha, maana peasi huelea, na mgongo ulioachwa nje ya divai ungebaki mweupe. Mvuke unatoka kwa lile tundu. Niliifurahia karatasi hiyo kuliko kitu chochote nilichofundishwa chuoni mwaka ule.

Zilichukua dakika arobaini. Alinipa kisu chembamba nijaribu. Kikiingia bila kubishana, basi. Lakini hatukuzitoa. Zililala usiku kucha ndani ya divai yao, juu ya kabati, chini ya sahani, kwa sababu moto huivisha tunda, ila wekundu unataka saa nyingi kufika moyoni. Asubuhi tulizitoa, zikiwa na rangi ya mshumaa mwekundu wa Krismasi, na ile divai tukairudisha kwenye moto mkali, safari hii ipige makofi inavyotaka, mpaka ikabaki theluthi na kushika mgongo wa kijiko.

Ibada ya shukrani, hotuba, nyimbo, kuku, samaki, bukari: hayo kila mtu wa Lubumbashi anayajua. Watu walikuwa ishirini na watatu, na peasi nane. Kila mtu alimshauri Nkambo azikate vipande. Alikata saba. La nane alilisimamisha kwenye sahani nyeupe, peke yake, kikonyo juu, akalizungushia ile sosi nyekundu polepole, akafuta tone lililodondoka ukingoni kwa pembe ya leso yake. Akaibeba sahani mwenyewe, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, kama alivyobeba miaka yote ile, akaiweka mbele ya mkewe. Watu walinyamaza. Shangazi yangu mmoja alicheka kwa aibu.

Mama Alfonsi alilitazama lile tunda. Akanusa. Nilikuwa na hakika ameijua divai, na nikaanza kutafuta pa kujificha. Hakusema neno. Akalishika kwa kikonyo, kama mtu anavyoshika paja la kuku, akaling'ata shingoni.

Nkambo akainama. "Mama Alfonsi. Banakulaka na kijiko."

Akatafuna mpaka akamaliza. Sosi ilikuwa imefika kwenye kidevu.

"Banani?" akauliza, yaani akina nani.

Nkambo alifungua kinywa, akakifunga. Akavuta kiti karibu naye, akaketi. Mama Alfonsi akaendelea kula mpaka kikonyo kikabaki mkononi, akakipangusa, akakiweka sahanini, akasema ni tamu, lakini mtu mzima hashibi kwa tunda, na kama kuna bukari iliyobaki wamletee.

Sosi iliyobaki ilikuwa chupa nusu. Nilidhani ataimwaga siku akikumbuka ahadi zake za kanisa. Jumanne asubuhi, kabla sijaenda chuo, nilimkuta ameketi karibu na mbabula, anaimimina kwenye chai, kijiko kimoja, kisha cha pili, mkate pembeni, na ile nyungu ya emaye iko motoni mbele yake, anapikia maharagwe.

"Muulize Nkambo wako," aliniambia bila kugeuka, "ile malori inarudi lini."