Kutoka Shinyalu hadi Quimper

Dada yangu ameolewa Ufaransa, jimbo la Bretagne, na ndiye aliyenitembeza Quimper. Kanisa kuu la Mtakatifu Corentin limepinda: ukiingia mlangoni unaona sehemu ya madhabahu haikunyooka na ukumbi. Juu, kati ya minara miwili, Mfalme Gradlon amepanda farasi wake wa mawe. Vibao vya mitaa vimeandikwa Kifaransa na Kibretoni. Tulikula chapati nyembamba za ngano nyeusi zenye yai na jibini, tamu kweli.

Lakini kilichonishika ni fest-noz, ngoma yao ya usiku. Watu hushikana vidole vidogo, bega kwa bega, wazee na watoto wa shule duara moja. Waimbaji wawili hupokezana, huyu akidaka mwisho wa mstari wa mwenzake. Mimi Mwisukha wa Kakamega, Kenya, nilijikuta nasikiliza kama niko matangani kwetu.

UNESCO iliitambua fest-noz mwaka 2012. Isukuti, ngoma yetu sisi Waisukha na Waidakho, iliingia mwaka 2014, ila kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Hilo linaniuma. Wabretoni nao walikuwa wakipoteza lugha yao. Mwaka 1977 wakaanzisha shule za Diwan, watoto wasome kwa Kibretoni.

Kakamega ngoma tunazo, kubwa, ya kati na ndogo, na wapigaji wapo. Desemba nitamwomba mjomba awafundishe wanangu.