Kipupwe ndiyo saa ya nyumba: ukuta mkavu, taa za chini, pazia zito

Masika yakishakatika mwishoni mwa Mei, Dar inapata kama miezi minne ya hewa kavu na upepo wa kusi kabla vuli haijabisha hodi Oktoba. Usiku joto linashuka hadi nyuzi 18 au 19, watu wanatafuta shuka la pili, na sebule inapendwa kuliko kibaraza. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanairembesha nyumba majani yanapoanguka, Septemba mpaka Novemba, na picha zao mtandaoni zimejaa meko na mablanketi ya sufu. Miezi hiyohiyo sisi tunaanza kukinga ndoo. Kazi wanayoifanya wao wakati huo, huku inafanyika kipupwe, na ina mpangilio wake: kausha, angaza, ndipo upambe. Anayeanza na mapambo analipa mara mbili.

Harufu ya ukungu inayokupokea ukifungua chumba kilichofungwa tangu Aprili haifunikwi na kochi jipya. Kabla hujanunua rangi, jua unyevu unatoka wapi. Chukua kipande cha nailoni angavu, sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha mwanya, kisha ukiache saa 24 mpaka 48. Ukikuta matone upande ule uliogusana na ukuta, maji yamo ndani ya ukuta wenyewe. Matone yakiwa upande unaotazama chumba, hewa ndiyo nzito: mvuke wa jikoni, nguo zinazoanikwa ndani, dirisha lisilofunguliwa. Ukuta mbichi unataka fundi. Hewa nzito inataka dirisha tu, na watu wengi wanamlipa fundi kwa kosa la dirisha.

Ukuta wenye maji unajieleza. Doa linaloanzia sakafuni na kuishia usawa wa goti au kiuno, lenye ukingo wa unga mweupe, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Ule unga ni chumvi kweli. Maji yanaibeba kutoka kwenye udongo, au kwenye mchanga wenye chumvi uliofyatuliwa tofali, yanafika juu na kukauka. Chumvi inabaki, inaisukuma rangi mpaka inavimba na kubanduka. Doa la juu karibu na dari linatoka kwenye bati: msumari uliolegea, mpira wake uliokauka, au kofia ya mgongo wa paa iliyoinuliwa na upepo. Doa la katikati, lisilogusa chini wala juu, mara nyingi lina bafu au bomba upande wa pili.

Kosa linalorudiwa mtaa kwa mtaa ni kupiga skimu ya jipsam, ule upako mwembamba wa kulainisha ukuta, juu ya doa na kumalizia kwa rangi ya mafuta. Jipsam ikilowa inalainika kama biskuti kwenye chai. Rangi ya mafuta nayo inaziba vinyweleo vya ukuta, maji yanakosa pa kutokea, na masika yajayo ukuta unatoa malengelenge.

Tiba ya maji yanayopanda inaanzia nje. Nyua nyingi za Dar zimeinuka kadiri miaka inavyokwenda, kifusi juu ya kifusi na pavingi juu yake, hadi ardhi imefikia usawa wa sakafu ya ndani. Chimba uishushe iwe angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na uipe mteremko wa kukimbia ukuta, sentimita 2 kwa kila mita. Weka gata. Bati lisilo na gata linamwaga maji mahali palepale kila mvua, yanaruka na kuupiga ukuta futi nzima juu ya ardhi.

Kisha ingia ndani. Chonga plasta kwa tindo mpaka tofali lionekane, kuanzia sakafuni hadi sentimita 30 juu ya ukingo wa doa. Sugua tofali kwa brashi ya waya likiwa kavu. Ukiliosha, maji yanairudisha chumvi ndani. Acha wazi wiki tatu, madirisha yakiwa wazi mchana, kusi ifanye kazi yake. Ndipo upige plasta mpya: ndoo moja ya saruji kwa ndoo nne za mchanga wa mtoni uliochekechwa, pamoja na unga wa kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi kilo 1 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50. Unene wa sentimita moja na nusu unatosha. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, halafu uiache.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Plasta inahitaji siku 28 kabla ya rangi. Fundi mwenye kazi nyingine inayomsubiri atakwambia wiki moja inatosha, na kwa mkono utaisikia imekauka kweli. Ndani haijakauka, na saruji changa ina ukali unaoila rangi ya mafuta na kuigeuza utelezi kama wa sabuni. Hesabu kalenda: ukibomoa wiki ya mwisho ya Juni, unapiga plasta katikati ya Julai na kupaka rangi katikati ya Agosti. Ukianza Septemba, vuli itakukuta na ukuta mbichi.

Fangasi weusi wa kwenye kona wanasafishwa kwanza, hawapakwi rangi juu yao. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, subiri dakika 15, sugua, suuza, acha pakauke siku mbili. Vaa glavu, fungua madirisha, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo wala yenye amonia. Mvuke unaotoka ni sumu. Makabati na vichwa vya vitanda visogeze sentimita 5 au zaidi kutoka ukutani ili hewa ipite. Kama umepanga, hapo ndipo mamlaka yako yanapoishia: mpigie picha mwenye nyumba doa lako, mwoneshe ile nailoni yenye matone, kisha nguvu zako zipeleke kwenye taa na mapazia, vitu utakavyohama navyo.

Rangi ya ukuta nisiiseme sana, kila nyumba ina macho yake. Krimu, maziwa yaliyochanganywa na chai, rangi ya chungu, haradali iliyopoa: zote zinatuliza jioni. Kijivu, kinachopendwa sana siku hizi, kinafanya chumba kisichopata jua kionekane cha baridi na cha zege. Paka kipande cha nusu mita kwanza, kitazame saa sita mchana na saa mbili usiku kabla hujaamua. Kwa kiasi: chumba cha futi 12 kwa 12 chenye kimo cha mita 3 kina ukuta wa mita za mraba 44 hivi; ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 40. Lita moja ya rangi ya maji inafunika takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, hivyo mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, inataka karibu lita 8. Plasta mpya ipate praima, rangi ya msingi, kwanza, la sivyo mkono wa kwanza wote unanywewa na ukuta.

Sasa taa, ambazo kwa bei ndogo zinabadilisha nyumba kuliko kitu kingine chochote. Kwenye boksi la balbu kuna namba yenye herufi K. Balbu nyingi madukani ni 6500K, mwanga mweupe wenye ubluu ndani yake, mzuri kwa duka la dawa. Chini yake rangi ya krimu inaonekana imechakaa na uso wa mgeni unaonekana mgonjwa. Kwa sebule na chumba cha kulala tafuta 2700K au 3000K, mwanga wa njano tulivu kama wa kandili. Jikoni na mahali pa kusomea, 4000K inafaa. Angalia na kitako kabla ya kulipa, maana nyumba zetu zina vya pini na vya kuzungusha, wakati mwingine katika chumba kimoja. Kibarazani pia weka ya njano. Wadudu wanavutwa zaidi na mwanga mweupe wa kibluu.

Rangi ya mwanga ikishakaa sawa, ushushe. Taa moja katikati ya dari inamulika vichwa na kutupa vivuli machoni. Sebule ya futi 12 kwa 14 inatulia kwa taa tatu za chini, kila moja na balbu ya LED ya wati 5 hivi: ya kusimama kwenye kona, ya mezani kando ya kochi, na moja juu ya kabati. Ukingo wa chini wa kofia ya taa uwe mita 1.1 hadi 1.2 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyekaa, ili balbu isimchome mtu. Waya wa ekstensheni upite kando ya ukuta. Usiupitishe chini ya zulia: unakanyagwa, unachubuka, unapata moto bila mtu kuona.

Wenye dari ya jipsam yenye ukingo wa kufichia taa za utepe wana nafasi nzuri, na wengi wanaipoteza kwa buluu na nyekundu za baa. Weka utepe wa 3000K. Utepe wa volti 12 huuzwa kwa roli la mita 5, na hapo kuna mtego: ukiunga roli tatu mkia kwa kichwa, mwanzo unawaka vizuri, mwisho unafifia, kwa sababu umeme unapungua njiani. Kila roli lipate waya wake kutoka kwenye adapta. Utepe wa wati 4.8 kwa mita ukizunguka mita 12 unakula wati 58. Adapta iwe na ziada ya robo hivi, yaani wati 72, ampia 6. Ikae pahali penye hewa, pasipofungwa na jipsam, maana adapta inayochemka haimalizi mwaka. Na kama fundi anapanda darini, mwombe aangalie viungo vya mbao za jipsam. Nyufa zilizonyooka kama rula zinaonyesha viungo vilijazwa bila utepe wake wa nyuzi; vikwanguliwe, vibandikwe utepe, vijazwe upya.

Pazia linakosewa kwenye vipimo. Dirisha la mita 1.5 linataka fimbo ya mita 2.1, sentimita 30 za ziada kila upande, ili mchana pazia likae kando ya dirisha na upepo upite. Fimbo ifungwe juu, sentimita 10 chini ya dari, chumba kirefuke. Kitambaa kiwe mara mbili ya fimbo: mita 4.2. Vitambaa vingi vya mapazia Kariakoo vina upana wa mita 2.8, na upana huo ndio unaogeuzwa kuwa kimo cha pazia, kwa hiyo unanunua mita 4.2 na pindo juu yake. Gawanya vipande viwili. Kila kipande kiwe na pete za idadi shufwa, 14 kwa mfano, ili kingo zote mbili zigeukie ukutani. Zikiwa witiri, ukingo mmoja unachomoza mbele na pazia halikai. Liguse sakafu bila kulala juu yake, maana linalolala linabeba vumbi na, masika, maji ya deki. Jepesi la ndani, zito la nje, na usiku fungua upande wa kusi kidogo.

Vigae ni baridi miguuni kipupwe. Zulia la sentimita 200 kwa 300 likae chini ya miguu ya mbele ya makochi, lisielee katikati peke yake. Mkeka wa ukili unafaa vilevile na haushiki unyevu kama manyoya. Meza za mninga au mkongo kutoka Keko zilizopauka zinarudi kwa msasa namba 120 kisha 220, halafu vanishi. Fundi asipulize vanishi ya thina asubuhi yenye umande. Unyevu unanaswa ndani na mbao inapata ukungu mweupe. Saa tano mpaka saa tisa ndiyo nzuri.

Na jioni, harufu. Makaa mawili yaliyoshika mpaka yakafunikwa na jivu jeupe, yawekwe kwenye chetezo, udi au ubani kiasi cha ncha ya kijiko juu yake. Ukiuweka makaa yakiwa bado meusi unaungua na kutoa moshi mkali unaotia umanjano kwenye dari mpya. Chetezo kikae mita moja mbali na mapazia. Jiko la mkaa lenyewe libaki nje hata usiku uwe wa baridi namna gani. Gesi yake haina harufu na inaua waliolala. Chetezo nacho, ukishafukiza vyumba vyote, kipeleke uani kimalizie huko, na dirisha moja libaki wazi kiasi cha kiganja.