Niliporudi Goma nilikuta neno "mazungumzo" limebadilika maana

Nilivuka mpaka wa Kongo kwa miguu kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, mwishoni mwa Novemba 2025, kwa kuwa uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu waasi wa M23 walipouteka mji mwezi Januari. Nilikuwa nimejiandaa kuona askari wasio wa serikali barabarani. Lililonishtua lilinikuta jioni ile ile nyumbani kwa mama mdogo, mtaa wa Ndosho, nilipotaja kwa furaha mkataba wa mfumo, yaani wa kuweka msingi wa amani, ambao serikali na waasi walikuwa wameutia saini Doha, Qatar, tarehe 15. Mdogo wangu, mwanawe wa mwisho, aliweka sahani chini akatoka nje bila kusema neno.

Sisi tulioondoka mwaka 2003 tunakumbuka jinsi habari za mazungumzo ya Wakongo huko Sun City, Afrika Kusini, zilivyosikilizwa, redio moja ikizungukwa na mtaa mzima. Mkataba ulipotiwa saini Pretoria mnamo Desemba 2002, tuligombana kuhusu rais mmoja na makamu wanne, nani apewe kiti na nani anyimwe, lakini katika mtaa wetu sikumsikia mtu akisema kwamba kuzungumza ni usaliti.

Mdogo wangu aliporudi ndani alinieleza, kwa sauti ya chini kama wanavyoongea wote sasa, na sikupata la kumjibu. Alianza na mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 yaliyotiwa saini hapa hapa Goma, waasi wa CNDP wakaingizwa jeshini na vyeo vyao. Mwaka 2012 baadhi yao wakaasi, wakaliita kundi lao M23, kwa tarehe ile ile ya 23 Machi, na Novemba wakaingia Goma. Yakafuata mapatano ya Nairobi, Desemba 2013. Mwishoni mwa 2021 bunduki zikalia tena. "Kila wakisaini, aliyeua anapanda cheo," aliniambia, "na aliyefiwa haitwi hata kuulizwa amefiwa na nani." Kwake yeye, mkataba wa Doha ni mlango mwingine wa kuingilia jeshini.

Basi nikajiona niko upande wake, maana ndiyo niliyokuwa nikiyasema Brussels kwa miaka. Tuliandamana tukipaza sauti kwamba hakuna kuzungumza na wauaji. Maaskofu wa Kikatoliki na viongozi wa Kiprotestanti walipokuja Goma Februari 2025 kuonana na waasi, wapo miongoni mwetu waliowaita wasaliti, na mimi sikuwapinga.

Mama mdogo alikuwa ameyaona maandamano yetu kwenye simu. Aliniuliza, bila hasira, "Mwanangu, mliposema vita viendelee, mlikuwa mnawahesabu watoto wa nani?"

Swali hilo limenikosesha usingizi kuliko yote niliyoyaona. Yeye alikimbia Masisi, akaishi Bulengo, kambi ya waliokimbia vita nje ya Goma, chini ya turubai, na Februari ile ile, M23 walipotoa saa 72 kambi zihamwe, akarudi kijijini akakuta nyumba haina paa. Nilidhani anayetaka mazungumzo ni yule anayewaamini wanaozungumza, au aliyekwisha kusamehe. Mama mdogo hajasamehe, na hauamini mkataba huu hata kidogo. Anajua utavunjika, kama mwanawe anavyojua. Wanachotofautiana ni thamani ya muda uliopo kati ya saini na kuvunjika. Kijana anauona kuwa ni muda wa adui kujipanga, na historia inamuunga mkono. Mama yake anauhesabu kwa misimu ya maharage. "Hata ukidumu misimu miwili," alisema, "ni misimu miwili watu wamekula."

Ninyi mnaojiandaa kurudi, nawasihi msiingie nyumba za watu na msimamo mliouokota mbali na risasi, na msimuulize mtu kama anaunga mkono mazungumzo au anayapinga, kwa sababu jibu linaweza kumhatarisha, na pia kwa sababu swali lenyewe halimfai. Muulizeni anahitaji nini utulivu ukipatikana, hata kwa muda mfupi, kisha mnyamaze msikilize.

Asubuhi mama mdogo aliniomba fedha za mabati. Ya Ndosho yanavuja, lakini aliyataka kwa ajili ya nyumba ya Masisi, apate pa kulala atakapokwenda kupanda mvua za Februari zikianza.