Uvimbe wangu wa shingoni ulivyopata jina

Niliugusa nikijipaka mafuta: kinundu chini ya sikio la kulia, kigumu, hakiumi. Nikaambiwa ni tezi, nikapewa antibiotiki. Dozi ikaisha, uvimbe upo. Dozi ya pili, ukazidi kukua. Simlaumu daktari yule. Vinundu vingi vya shingoni ni tezi kweli, na sarkoma, saratani ya tishu laini kama misuli na mafuta, ni kama 1 tu katika kila saratani 100 za watu wazima. Za kichwani na shingoni ni chache zaidi.

Sindano nyembamba ya kunyonya seli ilitoa majibu ya "seli za kutia shaka", basi. Daktari wa upasuaji akataka autoe wote. Nikamwambia, "Daktari, naomba tusikate kabla hatujajua tunakata nini." Nilikuwa nimeshaelezwa kwamba sarkoma ikitolewa kama uvimbe wa kawaida, mabaki yake husambaa, na shingoni, katikati ya mishipa mikubwa, kurudia upasuaji ni kazi ngumu mno. Alinyamaza kidogo, kisha akaniandikia rufaa.

Huko nilikopelekwa walianza na MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kwani damu ya sindano ingeweza kuvuruga picha. Ndipo ikaja sindano nene ya kukata vipande vya uvimbe, ikiongozwa na altrasaundi. Hulia kama stepla, na kila ikilia bega langu liliruka. Muuguzi alinionyesha kichupa: nyuzi 4 nyeupe za nyama, zimelala ndani ya formalini, dawa ya kuzihifadhi. Nilizitazama sana.

Majibu ya kwanza yalisema sarkoma, aina haijulikani. Aina zenyewe ni zaidi ya 50, na tiba hutofautiana, kwa hiyo niliomba sampuli ile ile ipelekwe kwa mwanapatholojia, daktari anayechunguza sampuli kwa hadubini, anayeshughulika na sarkoma. Hili ndilo ninalomsihi kila mgonjwa aliombe, hata kama kusubiri kunakausha koo. Kwangu kulikausha. Kipimo cha jeni kilikuta kromosomu X na 18, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, zimebadilishana vipande: sarkoma ya sinovia. Jina linapotosha, maana haitoki kwenye sinovia, utando wa ndani wa viungo.

Kikabaki kifua, kwa sababu sarkoma hupitia damu na mara nyingi hutua mapafuni. Nilipigwa picha ya CT, ya eksirei za kompyuta, asubuhi. Jioni daktari akapiga simu mwenyewe: "Mama, mapafu ni safi." Nilikaa chini hapo hapo nilipokuwa nimesimama, nikalia.