Polka za Sliabh Luachra, usihangaike kumtafuta mtunzi

Ukitaja polka, ule muziki wa kudansi, watu wanawaza akodioni na bia, siwalaumu, maana kitu chenyewe kilianzia Bohemia huko Ucheki miaka ya 1830 hivi, na kufika miaka ya 1840 Paris na London wote walikuwa wameshapagawa nacho. Ila mimi inayonimaliza ni ile iliyoenda Ireland ikatulia kwenye vilima vya Sliabh Luachra, mpakani mwa Cork na Kerry, ikaoana na fidla moja kwa moja.

Yenyewe haina makuu. Mbili kwa nne, yaani kila ba (kipimo kimoja cha muziki) ina midundo miwili, vipande viwili vya ba nane nane, kila kimoja unakirudia, kama nusu dakika imeisha unaanza tena. Kazi iko kwenye upinde wa fidla bana. Ukikandamiza kila mdundo unapoanguka inageuka gwaride la mgambo, wenyewe wanaubana upinde kule katikati, baina ya mdundo na mdundo, ndo miguu ya wachezaji inanyanyuka.

Sasa majina. Ukikuta polka inaitwa ya Denis Murphy, mpiga fidla wa hukohuko, usidhani ndo kaitunga, mara nyingi ni vile tu watu waliipata kwake, nyingine zinabeba jina la kijiji kama Ballydesmond, na aliyeanza kuipiga hajulikani, na wala hakuna anayekosa usingizi.

Huyo Denis na dadake Julia Clifford walifundishwa na Pádraig O'Keeffe (1887–1963), mwalimu wa shule aliyeishia kuzunguka vilimani kwa miguu nyumba hadi nyumba akifundisha fidla. Aliwaandikia wanafunzi kwa mtindo wake mwenyewe, nafasi nne kati ya mistari ya nota ndo nyuzi nne za fidla, halafu namba za vidole, sifuri maana yake uzi mtupu usioguswa. Yaani hata asiyejua nota anapiga jioni hiyohiyo! Kwangu hiyo ni akili kubwa.

Mwaka 1952 Séamus Ennis, mkusanyaji wa muziki wa kienyeji, aliwarekodi wote watatu kwa ajili ya BBC. Ukiwasikiliza Denis na Julia, tega sikio kwenye fidla ya chini, mmoja anapiga juu mwingine melodi ileile oktava moja chini, inajaa chumba kizima bila gitaa wala nini.

Wanaotunga polka mpya za mtindo huu siku hizi wengi wanazijaza mapambo kibao, vidole vinakimbia, mchezaji anabaki anatafuta mdundo uko wapi.