Gari la kukodi Geneva: uwanja mmoja, nchi mbili

Ndani ya Geneva gari ni mzigo. Anayelala hotelini hupewa kadi ya kupanda basi, tramu na vivuko vidogo vya njano bila kulipa, na maegesho ya katikati ya mji ni ghali. Kodi gari kwa siku ya kutoka mjini tu.

Kabla ya kuangalia bei, angalia gari liko upande gani wa uwanja wa ndege. Uwanja uko Uswisi, lakini una sehemu ya Kifaransa, Secteur France, na magari ya huko mara nyingi ni nafuu. Unafuu huo una masharti. Gari la Ufaransa kwa kawaida halina vignette, stika ya barabara kuu za Uswisi: faranga 40, ya kubandika kiooni au ya kielektroniki inayofungwa na namba ya gari. Ukikamatwa bila hiyo ni faini ya faranga 200, na stika utainunua vilevile. Siku ya kurudisha, ramani ya simu hukupeleka mlango wa Uswisi, na ukishafika huko huwezi kuvuka na gari kwenda upande wa pili. Lazima uzunguke mpaka Ferney-Voltaire, mji wa upande wa Ufaransa, uingie kwa barabara maalum ya forodha. Weka Ferney kama kituo cha kwanza kwenye ramani na ujipe nusu saa ya ziada. Kwa mwenye kibali cha kuishi Uswisi, kuna sheria za forodha kuhusu kuendesha humo gari la namba za kigeni. Ulizia kabla ya kulipa.

Ukishavuka, rangi za vibao hugeuka. Uswisi barabara kuu ina kibao cha kijani, Ufaransa cha bluu. Na bluu ya Uswisi ni barabara ya kawaida. Mwendo ni 120 Uswisi, 130 Ufaransa, na huko Ufaransa ni 110 mvua ikinyesha. Kamera za Uswisi hazina huruma: kuzidisha kilomita 6 hadi 10 mjini ni faranga 120. Kwetu tuliozoea kushoto, neno kipilefti lenyewe linadanganya: huku unazunguka ukiwa kulia, na unampisha anayetoka kushoto kwako.

Mafuta nayo yana mtego. Kwenye pampu za Ufaransa, gazole ni dizeli. Petroli ni sans plomb, yaani SP95 au SP98. Soma kifuniko cha tangi kabla ya kushika bomba.

Safari nzuri kuliko zote ni kulizunguka Ziwa Geneva, kama kilomita 180. Nenda kwa barabara kuu mpaka Lausanne, kisha iache. Shika barabara ya chini kupitia Lutry, Cully na Saint-Saphorin, katikati ya mashamba ya mizabibu ya Lavaux, yaliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2007. Vijia vya ndani ya mizabibu vingi ni vya wenyeji tu, kwa hiyo paki kijijini utembee. Baada ya Montreux kuna ngome ya Chillon, halafu Saint-Gingolph, kijiji kilichogawanywa na mpaka, kisha Évian na Yvoire. Yvoire hupaki nje ya ukuta wa kale, kwa kulipia.

Maegesho ya mistari ya bluu Uswisi ni bure kwa diski, yaani kadi yenye mshale wa saa uliyofika, inayowekwa kiooni. Ukifika saa 4:10 asubuhi, mshale unauweka kwenye mstari wa nusu saa unaofuata, 10:30 kwa saa ya diski, na unaruhusiwa mpaka saa 5:30. Kusogeza mshale bila kuondoa gari ni kosa, hata kama hakuna anayekuona.

Ukirudi kutoka Ufaransa na nyama ya wikendi, kila mtu anaruhusiwa kilo 1. Inayozidi hutozwa faranga 17 kwa kilo. Kwa bidhaa zote kwa jumla, kikomo cha thamani bila kodi ni faranga 150 kwa mtu tangu Januari 2025.

Kati ya Novemba 1 na Machi 31, sehemu za milima ya Haute-Savoie, upande wa Ufaransa, zinadai matairi ya baridi au minyororo. Gari lililokodiwa Ufaransa huenda lisiwe navyo, kwa hiyo uliza kaunta, piga picha matairi pamoja na mikwaruzo, ndipo utie saini.